Tusizungushe Tusichokipima

Msafiri atokaye Uyole kwenda Tukuyu hupita Isongole, katika Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya milima na mvua, nchi ya mbatata, ambazo wenyeji wake huziita viazi mviringo, na ni jirani wa ziwa la Ngozi lililolala ndani ya mlima. Mtu wa visiwani akifika huko mwezi wa Juni au Julai hana budi kuazima koti, kwani baridi yake haina mfano wake kwetu. Nilikuwa huko kwa shughuli za Chama, na jambo nililoliona ndilo lililonifanya niishike kalamu leo.

Vijana wanne wa hapo walikuwa wameunda kinu cha upepo cha kuzalishia umeme. Si kinu kikubwa. Kilikuwa na mapanga matatu, kila panga lenye urefu wa mita moja na robo hivi, juu ya mlingoti uliosimama nyuma ya nyumba moja kwenye mteremko. Kilichaji betri, na betri zile ziliwasha taa na kuchaji simu za majirani. Mapanga ya kwanza waliyachonga kwa mbao, yakapinda kwa mvua. Ya pili wakayaunda kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoloweshwa katika gundi ya rezini, kwa kufuata maelekezo waliyoyapata kwa fundi mmoja wa boti wa pwani. Walijivuna nayo, na walikuwa na haki ya kujivuna.

Usiku mmoja upepo ulivuma kwa nguvu. Kinu hakikuwa na breki. Panga moja likang'oka kwenye shina, likapasua bati la jiko la jirani na kujichoma katika sakafu ya udongo, pale ambapo dakika chache nyuma mtoto alikuwa amekaa akiota moto. Hakuumia mtu. Asubuhi watu walikusanyika, wengine wakasema upepo ulizidi, wengine wakasema mambo haya ya mitambo waachiwe Wazungu na Wachina. Wale vijana walikaa kimya. Mdogo wao aliniuliza swali moja tu: "Baba, kosa letu lilikuwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba kipande cha lile panga, nikasafiri nacho hadi Unguja, nikamwonyesha mzee mmoja aundaye boti za faiba. Alikigeuza, akatoa sarafu mfukoni, akaanza kukigonga taratibu kutoka ncha hadi shina. Mahali pengine sarafu ililia wazi, mahali pengine ililia butu kama mtu agongaye mkoba uliojaa nguo. Akaniambia: "Mwanangu, hili halikuuliwa na upepo. Hili lilizaliwa maiti."

Makala haya yanataka kuyaeleza maneno ya mzee yule, na kuwaomba wenye dhamana ya viwanda wayachukue kwa uzito. Kwa ufupi tunasema hivi: nguvu ya kifaa kinachozunguka kwa kasi hutoka zaidi katika nidhamu ya kukitengeneza na kukipima kuliko katika mali ghafi yake. Nidhamu hiyo hainunuliwi ng'ambo. Hujengwa nyumbani, na inaweza kujengwa hata Isongole.

Kwanza tufahamu kwa nini kitu kinachozunguka huvunjika. Mtoto akifunga jiwe kwenye kamba na kulizungusha juu ya kichwa chake, husikia kamba ikivuta mkono. Akiongeza kasi, kamba huvuta zaidi. Akizidisha kasi mara mbili, mvuto hauzidi mara mbili bali mara nne. Panga la kinu ni jiwe na ni kamba kwa wakati mmoja: kila sehemu yake huvutwa nje na uzito wake wenyewe, na mvuto wote huo hukusanyika kwenye shina, pale linaposhikwa na kitovu.

Tufanye hesabu ya panga lile la Isongole. Tuseme lilikuwa na uzito wa kilo 3, na uzito huo umekusanyika nusu mita kutoka katikati. Likizunguka mara 400 kwa dakika, shina lake huvutwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 260, yaani zaidi ya mifuko mitano ya saruji iliyoning'inizwa pamoja. Upepo ukikazana na kasi ikafika mizunguko 800, mzigo huo unakuwa zaidi ya tani moja. Tani nzima, juu ya kipande cha faiba chenye upana wa kiganja, nyuma ya jiko la mtu.

Hapo ndipo ilipo hila ya mitambo izungukayo. Katika nyumba, nguzo ikiwa dhaifu unaiongeza unene na shida imekwisha. Katika kizungukacho, ukiongeza unene umeongeza nguvu na papo hapo umeongeza mzigo, kwani unene ni uzito, na uzito ndio unaovuta. Kwa sababu hiyo wahandisi hawaulizi tu "Kitu hiki kina nguvu kiasi gani?" bali huuliza "Kina nguvu kiasi gani kwa kila kilo ya uzito wake?" Chuma ni chenye nguvu lakini ni kizito. Nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa gundi ya epoksi zina uzito wa moja ya tano hivi ya chuma cha ujazo ule ule, na zikivutwa kwa urefu wake hushindana na chuma bora, tena mara nyingi humshinda. Ndiyo maana ulimwengu umeziendea nyuzi.

Wananchi wa visiwani hupanda matunda ya elimu hiyo bila ya kuijua. Ndege za Bombardier Q400 za Shirika la Ndege la Tanzania, ambazo mbili za kwanza kati ya zile mpya ziliwasili nchini Septemba 2016, huruka kwa pangaboi mbili, kila moja ikiwa na mapanga sita yaliyotengenezwa kwa nyuzi na gundi. Upana wa pangaboi moja unazidi mita 4. Wakati wa kuruka huzunguka mara 1,020 kwa dakika, na ncha za mapanga hukata hewa kwa kasi ya mita 220 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kila gramu 10 iliyoko kwenye ncha huvuta nje kwa nguvu ya kilo 23 na zaidi. Abiria huketi kando ya mashine hiyo akinywa maji yake kwa utulivu, na utulivu wake ni wa haki, kwa sababu mahali fulani watu wengine walikwisha kulipima kila panga kabla halijafungwa.

Sasa turudi kwenye kipande kilichogongwa kwa sarafu. Mzee yule alinionyesha makosa manne, na kila moja ni somo.

Kosa la kwanza ni mwelekeo wa nyuzi. Vijana walitumia mkeka wa nyuzi fupi zilizokatwakatwa na kutawanywa kila upande, ule ule utumikao kuundia boti. Kwa boti mkeka huo ni sawa, kwa kuwa bahari huisukuma boti kutoka kila upande. Lakini panga la kinu huvutwa zaidi upande mmoja, kutoka shinani kwenda nchani. Hilo linataka nyuzi ndefu zilizonyooka, zilale kwa urefu wa panga. Na kunyooka kwake si jambo la mapambo: katika kipande ambacho nyuzi zote zimelala upande mmoja, ukikivuta kwa kuzikengeuka kwa digrii 10 tu, hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Bibi zetu wa Makunduchi na Jambiani waliofukia makumbi pwani, wakayapiga na kusokota kamba ya usumba, waliyajua haya bila ya hesabu. Walichana nyuzi kwanza, wakazilaza pamoja, ndipo wakasokota. Hakuna aliyetarajia kamba imara kutoka katika fumba la nyuzi zilizovurugika.

Kosa la pili ni mapovu. Ndani ya kipande kile mlikuwa na vishimo vidogo vya hewa, vingine vikubwa kama punje ya mtama. Hewa iliyonaswa katikati ya tabaka haishiki kitu. Utafiti mashuhuri uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba kwa kila asilimia 1 ya mapovu, nguvu ya tabaka kushikana hupungua kwa kiasi cha asilimia 7, na hali huendelea hivyo hadi mapovu yafike asilimia 4 hivi. Viwanda vikubwa huyaondoa kwa kuifunika kazi yote kwa mfuko wa plastiki na kuinyonya hewa kwa pampu, kisha kuikandamiza ndani ya tanuri. Fundi mdogo aweza kufanya sehemu ya kazi hiyo kwa roda ya chuma, subira, na pampu ya kunyonyea hewa iliyotolewa katika friji mbovu.

Kosa la tatu ni kipimo cha gundi. Mahali pengine nyuzi zilikuwa nyeupe na kavu, gundi haikuzifikia. Mahali pengine gundi ilijikusanya kama asali bila ya uzi ndani yake. Nyuzi ndizo zinazobeba mzigo. Kazi ya gundi ni kuzishikanisha na kugawa mzigo huo toka uzi hadi uzi. Penye uzi bila gundi kila uzi hufa peke yake, na penye gundi bila uzi hapana wa kubeba. Kwa hivyo vyote viwili hupimwa kwa mizani, si kwa kukadiria kwa jicho.

Kosa la nne ndilo lililonisikitisha zaidi, kwa sababu halikuwa uzembe. Gundi ya poliesta hugandishwa kwa dawa, na dawa hiyo hutegemea joto. Mafundi wa pwani wameyazoea mazingira ambamo gundi huganda upesi, na hofu yao ni isigande kabla ya kazi kwisha. Kwa hivyo hutia dawa kidogo. Vijana wa Isongole walikifuata kipimo hicho hicho kwa uaminifu mkubwa, katika kibanda chenye baridi ya milimani. Gundi ya aina hiyo hutaka chumba chenye joto la digrii 18 hadi 25. Joto likishuka chini ya 15, gundi huganda nusu nusu: juu ni ngumu, ndani ni laini. Panga likaonekana limeiva, kumbe ni bichi. Maelekezo yalikuwa sahihi, ila yalikuwa sahihi mahali pengine.

Ndugu msomaji, tulitafakari kosa hili la nne. Mara ngapi tumeuchukua mpango uliofaa penginepo tukaupandikiza kwetu bila ya kuuliza habari za joto na baridi? Vijana wale hawakushindwa kwa kukosa akili wala bidii. Walishindwa kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwaambia "Pasheni chumba kwanza," wala pahala pa kulipeleka panga likapimwe kabla ya kupandishwa mlingotini.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni makubwa mno kwa nchi changa. Hao tuwakumbushe yaliyowapata wakubwa. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza ilikusudia kuiwekea injini yake mpya, RB211, mapanga ya mbele yaliyotengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Nyuzi hizo Waingereza wenyewe walikuwa miongoni mwa walioziendeleza, katika maabara yao ya Farnborough. Mapanga yale yalikuwa mepesi, na yaliustahimili mvuto wa mzunguko. Lakini mwaka 1970 yalifanyiwa jaribio la kugongwa na ndege wa angani, ambapo mzoga wa kuku hurushwa ndani ya injini inayozunguka. Yakavunjika vipande vipande. Kampuni ikalazimika kurudi kwenye madini ya titani, gharama zikafurika, na Februari 1971 kampuni ile yenye jina kubwa ikafilisika na kuchukuliwa na serikali ya nchi hiyo.

Je, elimu ile ilitupwa? La. Mwaka 1995 injini ya GE90 ya Marekani iliingia kazini katika ndege za Boeing 777 ikiwa na mapanga ya nyuzi za kaboni. Safari hii ukingo wa mbele wa kila panga ulivishwa titani ili upokee pigo. Kati ya kushindwa na kufaulu ilipita miaka 25, na miaka hiyo ilikuwa ya kupima, kuvunja kwa makusudi, kuandika yaliyoonekana na kurudia. Tukumbuke pia kwamba wale wa mwaka 1970 walipata hasara ya fedha, lakini hawakumwua abiria, kwa sababu panga lilivunjika katika chumba cha majaribio. Panga la Isongole lilijaribiwa kwa mara ya kwanza juu ya paa la jirani.

Wapo tena watakaosema: basi tununue. Ni kweli kwamba tunanunua, na tutaendelea kununua kwa muda mrefu. Lakini anayenunua bila ya kuelewa hubaki mateka wa muuzaji. Mwaka 2022 baadhi ya ndege zetu za Airbus A220 zilisimama ardhini kwa matatizo ya injini zilizotengenezwa ng'ambo, na hapana fundi wetu aliyeweza kufanya lolote ila kungoja. Watu wa Unguja hawahitaji kufundishwa maana ya kungoja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa chetu kilikaa miezi mitatu bila ya umeme kutoka Bara. Tuliteka maji kwa ndoo na kuhesabu siku. Yaliyoharibika wakati huo yalikuwa mengine, lakini funzo lake linafanana na la leo: nchi isiyo na mikono ya kutengeneza na macho ya kupima hukaa gizani mpaka mwenyewe aje.

Tena haja ya vitu hivi inakua mlangoni petu. Huko Mufindi, mwaka 2020, mradi wa Mwenga ulisimamisha vinu vitatu vya upepo vyenye jumla ya megawati 2.4. Kwa jirani zetu wa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, viko vinu 365 vyenye jumla ya megawati 310, kila kimoja na mapanga matatu ya faiba, na yote yaliletwa kwa meli hadi Mombasa. Hesabu yake ni mapanga 1,095. Kila moja siku moja litapata ufa, litahitaji kukaguliwa, litahitaji kuzibwa na mtu anayeijua kazi. Na hapo hapo Rungwe, Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania, iliyoundwa mwaka 2013, inaufuatilia mvuke wa Ngozi. Mitambo ya mvuke huwa na minara ya kupoozea maji, na feni kubwa za minara hiyo aghalabu huundwa kwa faiba, kwani faiba haili kutu kama chuma. Itakuwa aibu kubwa ikiwa mvuke utatoka Rungwe na panga la feni litatoka ng'ambo kila likipasuka.

Hata hivyo tusijidanganye kwa maneno matamu. Husemwa mara nyingi kwamba Tanzania ina madini ya kinywe huko Mahenge na Ruangwa, kwa hivyo twaweza kutengeneza nyuzi za kaboni mara moja. Si hivyo. Nyuzi za kaboni za kawaida huanza na uzi wa viwandani, ambao huchomwa kwa zaidi ya digrii 1,000 katika tanuri lisilopitisha hewa. Kinywe ni kitu kingine chenye faida nyingine. Husemwa tena kwamba tuna mkonge. Ni kweli, na ni fahari yetu: uliingia nchini mwaka 1893 kwa mikono ya Mjerumani Richard Hindorf, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 tulikuwa tukitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Lakini katani ni dhaifu kuliko nyuzi za kioo, na hunywa maji. Yafaa kwa vifuniko vya mashine, kwa kinga za mikanda, pengine kwa feni za mwendo wa polepole. Haifai kwa panga la kasi. Mwenye kumpenda mkulima wa mkonge amwambie ukweli, amtafutie soko pale panapomfaa.

Wala si kila kizungukacho kinahitaji faiba. Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, kila mmoja megawati 235, huzungushwa kwa magurudumu ya chuma, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa hayaendi kwa kasi kubwa na yanapigwa na maji mazito. Elimu ni kujua wapi nyuzi na wapi chuma.

Basi lifanyike nini? Tunapendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa kutisha.

La kwanza ni kuwa na shimo la majaribio. Ni chumba kilichochimbwa ardhini, chenye kuta nene za zege na mfuniko mzito, ndani yake kikafungwa kifaa kipya na kuzungushwa na mota kwa kasi inayozidi ile ya kazi, watu wote wakiwa nje. Kikizungushwa kwa kasi iliyozidi asilimia 20, mzigo wake huzidi kwa asilimia 44. Kikistahimili, kipewe muhuri. Kisipostahimili, kimevunjika mahali salama na kimetufundisha. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiko mwendo mfupi kutoka Isongole, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko Unguja. Shimo moja huko na moja huku yangetosha kwa kuanzia.

La pili ni viwango. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, pamoja na Taasisi ya Viwango Zanzibar, ziandike kanuni fupi, kwa Kiswahili, kwa ajili ya mafundi wadogo wa vinu, feni na pampu. Kanuni iseme kasi ya mwisho ni ipi, breki iwe vipi, kinu kisimame umbali gani kutoka nyumba ya mtu, na panga liwe na alama gani ya aliyelitengeneza na siku aliyolitengeneza. Isiandikwe kwa nia ya kumfukuza fundi. Iandikwe imlee. Fundi atakayeona kwamba sheria imekuja kumfunga ataificha kazi yake, na panga lililofichwa ndilo lenye hatari zaidi.

La tatu ni kuunganisha elimu iliyotawanyika. Mafundi wa boti wa visiwani wanaijua gundi kwa mikono yao, lakini wengi wao hawakufunzwa hesabu ya mzunguko. Wanafunzi wa uhandisi wa Mbeya wanaijua hesabu, lakini wengi wao hawajapata kuyaona mapovu yakitoka chini ya roda. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali Zanzibar kwa upande wetu, na VETA na SIDO kwa upande wa Bara, wawakutanishe. Fundi mmoja mzee akikaa Rungwe miezi mitatu, na kijana mmoja wa Isongole akakaa Unguja miezi mitatu, kila mmoja atarudi kwao na nusu aliyokuwa hana. Huo nao ni Muungano, wa kalibu na mizani.

La nne ni kupanda ngazi kwa mpango. Tuanze na vifaa vya mwendo wa polepole ambavyo kuvunjika kwake hakuui: feni za kukaushia mazao, vifuniko, vinu vidogo vilivyo mbali na nyumba. Kisha tuingie katika kukagua na kuziba mapanga makubwa ya wengine. Baada ya hapo, na si kabla, tuzungumze juu ya vifaa vya kasi. Asiruke mtu ngazi kwa ajili ya kukata utepe. Viongozi wetu wana shughuli nyingi na tunawaheshimu. Lakini tunawaomba, wakialikwa kuzindua mtambo wowote unaozunguka, waulize swali moja kabla ya kupiga makofi: "Umepimwa wapi?" Swali hilo likizoeleka, nusu ya kazi imekwisha.

Nimemaliza habari za mitambo, sasa nirudi kwa kijana aliyeniuliza kosa lao lilikuwa wapi. Nimemwandikia barua. Nimemweleza makosa manne, nikamtumia na majibu ya mzee wetu juu ya kipimo cha dawa kwa nchi ya baridi. Nimemwambia pia asiipandishe mashine nyingine mpaka awe ameifungia breki na kuihamisha mbali na jiko la jirani. Haya niliweza kuyafanya kwa barua moja. Lakini vijana wa namna yake wako Rungwe, Pemba, Mafia, Ukerewe na kila pahala penye upepo au mto. Wote hawawezi kungoja mpita njia mwenye sarafu mfukoni. Kazi hiyo ni ya Serikali na taasisi zake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya mzunguko methali hiyo ni kali zaidi, kwani ufa wa panga haungoji ujenge ukuta. Hutoka pale ulipo na kwenda kwenye jiko la mtu, ukampata aliyeketi akiota moto. Safari hii mtoto alikuwa ameinuka. Tusiifanye bahati hiyo kuwa ndiyo sera yetu.